Kipande Cheupe cha Kokushubira

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Chonyonyo, Kemilembe alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni kufagia zizi. Ya pili ni kumnawisha uso mdogo wake Cassian, mtoto wa miaka mitatu. Ya tatu, aliyoipenda kuliko zote, ni kufukiza kibuyu cha maziwa. Alichoma majani makavu kwenye kigae, akakiinamisha kibuyu juu ya moshi mpaka kikanukia kiasi cha kumfanya hata mtu aliyeshiba ahisi njaa upya. Kisha alimimina maziwa ya Bihogo, akakiziba, akaenda shule akikiyumbisha kama Padri anavyoyumbisha chetezo.

Bihogo alikuwa ng'ombe wa baba yake, mzee Melkiory. Mwaka huo wa 1953 kiangazi kilikuwa kikali, na ng'ombe wengine wanne walikuwa wamepelekwa malishoni mbali, upande wa mto Kagera. Bihogo aliachwa nyumbani ili watoto wapate maziwa. Watu walisema pembe zake zilikuwa ndefu hata kunguru aliyetua kwenye ncha ya kushoto na mwenzake aliyetua kwenye ncha ya kulia walizeeka bila kufahamiana. Hayo walisema watu wanaojua kutia chumvi. Lakini maziwa yake yalikuwa matamu kweli, na hapo hakuna aliyehitaji kutia chochote.

Shuleni, saa ya kula ilipofika, watoto walifungua ndizi zao za kuchemsha na kumzunguka Kemilembe. Yeye alikaa katikati, kibuyu mapajani, akigawa. Aliyemwazima kalamu asubuhi alipata mafunda mawili. Aliyemsalimia vizuri alipata funda moja. Aliyemcheka alipata harufu tu. Malkia wa nchi gani alikuwa na raha kama hiyo?

Ila malkia huyu alikuwa na siri. Kwa mwezi mzima maziwa ya Bihogo yalikuwa yakipungua, na kila asubuhi Kemilembe alijazia kibuyu kwa maji. Watoto walikunywa maji yenye harufu ya moshi, wakalamba midomo na kusema, "Bihogo hana mfano!"

Siku moja Kokushubira, mtoto wa jirani yao, alikaa pembeni na kufungua jani la mgomba. Ndani mlikuwa na vipande vyeupe vya mraba, vimekaangwa na kitunguu mpaka kingo zikawa na rangi ya dhahabu.

"Ni nini hicho?" aliuliza Placida, ambaye siku zote alikaa bega kwa bega na Kemilembe. "Yai lisilo na kiini?"

"Sabuni!" Kemilembe akadakia. "Kokushubira anakula sabuni ya misheni!"

Watoto wakaangua kicheko. Kokushubira naye akacheka. "Basi onja sabuni yangu, Placida. Ikitoa povu, nipige."

Placida akaonja. Akatafuna. Akafumba macho. "Eh! Sabuni hii ningeogea tumbo langu kila siku. Nipe tena, mwenzangu!"

"Inaitwa tofu," alisema Kokushubira. "Imetengenezwa kwa maharage ya soya. Sista Adelgunda wa zahanati alikaa Uchina miaka kumi na minane, na huko wanaila kama sisi tunavyokula ndizi. Amemfundisha mama."

Kufumba na kufumbua, duara lilihama. Wa kwanza kuhama alikuwa Placida, tena bila kuaga. Kemilembe alibaki na kibuyu chake, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi kilivyo kizito.

Tangu siku hiyo kila kitu cha Kokushubira kilimuuma. Mwaka uliopita msichana huyo alikuwa mwembamba kama ufito, ana vidonda kwenye pembe za mdomo, akisinzia darasani hata mwalimu akamzoea. Sasa ngozi yake iling'aa. Alikuwa akipanda kilima na mtungi wa maji kichwani huku akiimba. Mwalimu alipomchagua kuwaongoza wasichana katika mbio, Kemilembe alipiga makofi mawili tu, tena yasiyo na sauti. Alilala na wivu, akaamka nao, akaunawisha uso pamoja na Cassian.

"Wao hawana hata mkia wa ng'ombe," alijiambia. "Wametoa wapi kitu cheupe kitamu hivyo?"

Jumatano, badala ya kwenda nyumbani, alijificha katika migomba nyuma ya jiko la Mama Xaveria, mama yake Kokushubira. Alikaa hapo mpaka mbu wakamchoka. Aliona yote. Soya zilizolowekwa tangu jana zilisagwa juu ya jiwe pamoja na maji. Uji ule ulichujwa kwa kitambaa safi, ukatoka mchuzi mweupe. Mama Xaveria aliuchemsha muda mrefu akikoroga. Kisha akaipua chungu, akatia maji ya ndimu kidogo kidogo, na mchuzi ukaanza kugawanyika: mabonge meupe huku, maji huku. Mabonge akayafunga kwa kitambaa, akayaweka katika kikapu na kuyagandamiza kwa jiwe.

Hapakuwa na tone moja la maziwa ya ng'ombe. Kemilembe aliliona hilo kwa macho yake mawili, tena makali.

Jumamosi iliyofuata Bihogo alikauka kabisa. Mzee Melkiory alikamua, akakamua, akapata matone ya kulowesha kidole. Alisimama zizini amejishika kiuno.

"Ng'ombe huyu amepatwa na nini?" alisema. "Kuna mtu amevunja mwiko."

Wenye ng'ombe wa huko walishika mwiko mmoja: maziwa na maharage havikutani. Aliyekula maharage hakunywa maziwa siku hiyo, wala havikuwekwa katika chombo kimoja. Waliamini kwamba kufanya hivyo kunadhuru kiwele cha ng'ombe.

Kemilembe alikuwa na ufagio mkononi. Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Tata, mimi nilimwona Mama Xaveria. Anachanganya maziwa na maharage katika chungu kimoja. Vinatoka vipande vyeupe."

Baba aligeuka polepole. "Maziwa ya nani? Xaveria hana ng'ombe."

Hapo Kemilembe angeweza kurudi nyuma. Badala yake akapiga hatua mbele. "Yetu, Tata. Yale unayowapa Jumamosi."

Ni kweli kwamba kila Jumamosi Mama Xaveria na binti yake walileta nyasi za kutandika zizini, na Melkiory aliwapa samadi ya migomba yao na bakuli la maziwa yaliyotolewa siagi. Uso wa mzee ukabadilika. "Maziwa ya Bihogo! Ndani ya maharage!"

Uongo wa Kemilembe ulitoka nyumbani ukiwa mdogo kama kifaranga. Ulipofika kisimani ulikuwa na ukubwa wa mbuzi. Ulipofika kilabuni kwa wanywaji wa lubisi, pombe ya ndizi, ulikuwa na mapembe: ilisemekana Xaveria analoweka maharage katika maziwa usiku kucha, na kwamba huko Nyakakika ng'ombe mmoja amekamuliwa akatoa moshi. Jua lilipozama, mkungu Byabato, mkuu wa kijiji, alikuwa amekwisha kutoa amri. Mama Xaveria asichote maji kwenye kisima cha ng'ombe wala asipewe samadi. Jumamosi ijayo kesi yake itasikilizwa. Akipatikana na hatia, soya zake zitang'olewa shambani zote.

Shuleni duara lilirudi kwa Kemilembe. Hakuwa na maziwa tena, lakini alikuwa na habari, na watoto walizinywa vilevile. Kokushubira alikaa peke yake na ndizi kavu. Kemilembe alitegemea kufurahi. Alifurahi kweli, kwa muda wa kama kumeza mate mara mbili.

Siku ya tatu Kokushubira alimfuata njiani. Midomo yake ilikuwa mikavu, maana sasa yeye na mama yake walikuwa wakichota maji mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi.

"Kemilembe, nashukuru," alisema.

"Unashukuru nini?"

"Siku ile ulipochungulia kwenye migomba. Niliona kitenge chako chekundu. Nilitaka kukuita ndani, mama akasema, mwache, labda anaona haya. Kumbe ni bahati. Watu wanasema tunatia maziwa, na hakuna anayetuamini. Lakini nimemwambia mama asilie, Kemilembe aliona kila kitu. Jumamosi atasema."

Kokushubira hakujua uongo ule ulizaliwa na nani! Alimshika mkono, akaubana, akakimbilia mtungi wake.

Jioni hiyo Cassian hakutaka kucheza. Kwa wiki kadhaa miguu yake ilikuwa imevimba, na watu walisema, "Tazama mtoto anavyonenepa!" Nywele zake zilikuwa zimebadilika, nyepesi na nyekundu kama nyuzi za mhindi. Alikaa tu kando ya moto, amenuna, anasukuma bakuli la ndizi.

Asubuhi mama yao, Deodatha, alimbeba mgongoni kwenda zahanati. Kemilembe alimfuata amebeba nguo.

Sista Adelgunda alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, aliyezungumza Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, taratibu na kwa tahadhari. Alibonyeza mguu wa Cassian kwa kidole gumba. Alipokiondoa, kishimo kilibaki.

"Unaona, mama? Hii si nyama. Ni maji. Mtoto anakula nini?"

"Ndizi, Sista. Asubuhi na jioni, na mchuzi kidogo. Zamani alipata maziwa, lakini ng'ombe amekauka."

"Ndizi ni njema. Zinatia nguvu kama kuni zinavyotia moto. Lakini mwili wa mtoto unajengwa kila siku, na kuni peke yake hazijengi nyumba. Anataka chakula cha kujenga mwili: maziwa, mayai, samaki, nyama."

Deodatha akainamisha kichwa. "Sista, maziwa hayapo, na hivyo vingine tunaviona sikukuu."

"Najua. Ndiyo maana nilileta soya. Mmea huo mdogo una chakula cha kujenga mwili kama nyama. Ukitengeneza tofu, inakuwa laini, hata mtoto asiye na hamu anaimeza, na tumbo lake halipati taabu. Ina madini ya kusaidia damu, na ya mifupa na meno pia. Lakini sharti soya zipikwe sana, maana mbichi zinasumbua tumbo. Na mtoto ale pamoja na ndizi, mboga za majani na matunda. Hakuna chakula kimoja kinachofanya kazi yote."

"Basi tupe hiyo tofu, Sista," alisema Deodatha.

Sista akavua miwani. "Kila Jumanne mama mmoja wa Chonyonyo aliniletea kwa ajili ya watoto kama huyu. Wiki hii hakuja. Nimesikia amekatazwa kisima, na tofu haitengenezwi bila maji mengi. Kuna mtu alisema maneno juu yake."

Aliwapa maziwa ya unga ya kutumia siku tatu, yaliyokuwa ya mwisho kabatini. Akasema mtoto asikae bila chakula cha namna hiyo, kwani hali yake ikiendelea hivyo ni hatari.

Njiani Deodatha alitembea haraka. Kemilembe alimtazama Cassian mgongoni mwa mama, kichwa chake kikiyumba huku na huku. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga mlango ambao mdogo wake alitakiwa apitie.

Jumamosi asubuhi ua wa mkungu Byabato ulijaa. Mkungu alikuwa mtu mwenye tumbo lililofika mahali kabla yake, na watu walisema kesi ikianza saa ya kula, huisha haraka. Mama Xaveria alisimama katikati. Mbele yake palikuwa na chungu, jiwe la kusagia, kikapu, ndimu tatu na bakuli la soya zilizolowekwa tangu jana.

"Mkungu, waitu," alisema kwa heshima, "nimeleta kila kitu. Nitatengeneza hapahapa, mbele ya watu wote."

"Mkono wako tumeuzoea, Xaveria," akajibu mkungu. "Ukitengeneza wewe, watu watasema umeficha maziwa chini ya kucha. Nani mwingine anajua kazi hii?"

Kokushubira akageuka, akamtazama Kemilembe kwa macho yenye matumaini.

Kemilembe alisimama.

"Mimi naijua, mkungu. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe binti wa Melkiory umefundishwa na nani?"

"Sikufundishwa. Niliiba kwa macho." Akamgeukia baba yake. "Hapakuwa na maziwa. Mimi ndiye niliyesema yapo, na nilijua kuwa nasema uongo. Kokushubira alikuwa na kitu kizuri kuliko changu, nikaona wivu."

Watu wakaguna. Mzee Melkiory alishika kichwa. Kokushubira alitazama chini tu, na hilo lilimuuma Kemilembe kuliko kama angetukanwa.

"Maneno nimeyasikia," alisema mkungu. "Lakini juzi pia tulisikia maneno yako. Leo nataka kuona. Chukua maji ya mtungi wangu mwenyewe. Fanya."

Kemilembe alipiga magoti, akasaga. Macho yake yalikumbuka kila kitu. Alisaga, akachuja, akachemsha. Povu lilipopanda nusura limwagike, Mama Xaveria akasema kwa upole, "Punguza kuni, mwanangu. Na usiharakishe, lazima ichemke sawasawa." Aliitwa "mwanangu"! Machozi yakamdondokea puani. Aliipua, akatia maji ya ndimu kidogo kidogo. Wenye ng'ombe wote walisogea, wakainama juu ya chungu hata vichwa vikagongana.

Mchuzi ukagawanyika.

"Yamekuja!" alipiga kelele mzee mmoja. "Bila ng'ombe!"

Mabonge yalifungwa na kugandamizwa. Saa ya mchana tofu ilikatwa, ikatiwa chumvi na kukaangwa. Mkungu alionja kipande kimoja ili kupata ushahidi. Akaonja cha pili ili kuuthibitisha ushahidi. Alipofika cha saba, Mama Xaveria alisogeza kikapu. "Mkungu, waitu, na wengine ni mashahidi."

"Xaveria hana kosa," alisema mkungu akifuta mdomo. "Kisima ni chake kama cha kila mtu. Samadi apewe."

"Na Bihogo wangu je?" aliuliza Melkiory.

Mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa amepita zizini asubuhi, alicheka mpaka akakohoa. "Melkiory! Ng'ombe wako ana mimba ya miezi saba. Unamkamua nini? Ulikuwa ukitafuta mchawi, na ndama yumo tumboni."

Ua mzima ukacheka, isipokuwa mtu mmoja. Kemilembe alipewa adhabu ya kuchota maji ya Mama Xaveria kwa mwezi mzima, na hakuomba kupunguziwa hata siku. Mzee Melkiory naye alimwomba Mama Xaveria radhi mbele ya wote, kisha akapeleka samadi kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza, alipoweka mtungi jikoni, Kemilembe alikuta kipande kimefungwa katika jani la mgomba.

"Cha Cassian," alisema Mama Xaveria. "Kiponde pamoja na ndizi zake. Kesho njoo na bakuli."

"Mama Xaveria, kwa nini unatupa sisi, baada ya yote?"

Mama Xaveria aliweka chini mwiko wake wa kukorogea. "Mtoto mgonjwa hana kosa. Na wewe sikiliza. Siku ile katika migomba macho yako yaliona vizuri. Yaliona ukweli wote, tangu soya mpaka kipande. Wivu ndio uliosimama kati ya macho na mdomo, ukageuza habari. Uliniletea kijiji kizima kunishtaki, na nusura umkoseshe ndugu yako chakula. Siku nyingine ukitamani kitu cha mwenzako, usizunguke nyuma ya nyumba. Pita mlangoni, useme, nifundishe. Mlango wangu hauna komeo."

"Nifundishe," alisema Kemilembe, kwa sauti ndogo.

Kokushubira, aliyekuwa akisaga soya kando, alisogea kidogo juu ya mkeka. Hakumtazama, lakini alimwachia upande mmoja wa jiwe.

Kufikia mvua za vuli miguu ya Cassian ilikuwa imenywea, na nywele zake zilianza kuota nyeusi. Alikuwa akikimbiza kuku mpaka kuku wakahamia mtini. Soya zilipandwa katika nyua kumi na moja. Bihogo alizaa ndama, na wazee wakakaa siku nzima kujadili kama aliyekula tofu anaruhusiwa kunywa maziwa. Mkungu aliamua kwamba asubiri mpaka kesho yake, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kushindwa kusubiri.

Na shuleni, saa ya kula, wasichana wawili walikaa katikati ya duara. Leo Kokushubira alifungua jani. Kesho Kemilembe alifungua kibuyu. Maziwa yalikuwa machache, lakini hayakuwa na tone la maji.